Gebo Yenye Mimba

Kipande cha kwanza cha plasta kilianguka Jumatano saa nne asubuhi, kikatua kando ya kituo cha basi, hatua mbili tu kutoka kwa mwanamke aliyekuwa akisukuma kigari cha mtoto. Hakikumgusa mtu. Kilipasuka vipande vitatu, na Mzee Fanuel, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi, alipojaribu kuokota kimoja kwa mkono mmoja, mgongo wake ulimwambia akiache hapo hapo.

Kufikia adhuhuri afisa wa majengo wa halmashauri alikuwa amekwisha kuzungusha utepe mwekundu na mweupe kutoka mlangoni hadi kwenye nguzo ya taa. Mlangoni akabandika barua. Ukuta wa mbele ufanywe salama kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, la sivyo ukumbi ufungwe.

Lydia Mghoi aliisoma barua hiyo mara moja, akaipiga picha kwa simu, akarudi kazini. Hakuwa mtu wa kusoma barua mara mbili. Alikuwa na stashahada ya ujenzi ya chuo cha ufundi Mombasa, miaka minane ya kukagua nyumba za kupangisha hapa London, na binti wa miaka kumi na mitano. Kwa mambo hayo matatu alikuwa amejifunza kwamba tatizo halipungui kwa kusomwa tena.

Ila mara hii, ndani ya basi, aliitoa simu akaisoma tena. Kipande kile alikijua. Alikikanda yeye mwenyewe.

Ukumbi ulikuwa shule hapo zamani, nyumba ya matofali mekundu nyuma kidogo ya soko la Woolwich. Ukuta wake wa mbele ulipanda ukapita paa, na badala ya kuteremka kwa mshazari kama nyumba za jirani, uliteremka kwa ngazi: tano kushoto, tano kulia, na moja kileleni. Mafundi wa kwetu huuita gebo ukuta wa aina hiyo, ule wa pembe tatu unaofunga ncha ya paa. Hii ilikuwa gebo ya ngazi, mtindo wa Waholanzi na Wabelgiji ambao Waingereza waliupenda karne ya kumi na tisa wakaubandika kila walipoweza. Mgeni aliyetoka Nairobi au Mwanza aliambiwa tu ashuke Woolwich, avuke soko, atafute nyumba ambayo malaika anaweza kuipanda bila kukunja mabawa. Hakuna aliyewahi kupotea.

Ushirika wa kanisa uliinunua miaka kumi na minne iliyopita. Walikuwa Wakenya na Watanzania waliochoka kusali katika vyumba vya kukodi vyenye harufu ya bia ya jana yake. Siku ya kukabidhiwa funguo waliimba hadi majirani wakatoka nje. Kisha wakainua macho, wakaitazama nyumba yao vizuri, na furaha ikapungua kidogo. Kwa watu waliokulia Voi, Kakamega na Bukoba, nyumba ile ilikuwa haijaisha. Nyumba iliyoisha hupigwa plasta. Matofali matupu ni ya mtu aliyeishiwa njiani, au ya choo cha shule.

Na nani angeiondoa aibu hiyo kama si Lydia, msichana mwenye cheti kipya na mtoto mgongoni? Alipanga harambee ya Jumamosi tatu. Akina mama walipandisha ndoo, wanaume walikoroga saruji, na ngazi zote kumi na moja zikavishwa plasta nzito, kisha zikapakwa rangi ya mafuta, nyeupe kama maziwa. Vigelegele vilipigwa. Picha zilifika hadi Wundanyi kwa mama yake.

Kazi ya ukaguzi ndiyo iliyomfumbua macho. Matofali ya zamani ni laini, na yalijengwa kwa chokaa; hunywa mvua, na upepo ukivuma huitoa. Ukiyavika saruji na rangi ya mafuta ni kama kumvalisha mtu koti la plastiki halafu umwambie akimbie. Maji huingia kwenye nyufa nyembamba kama uzi, hayapati pa kutokea, baridi ya Januari inayagandisha, barafu inasukuma. Lydia alilijua hilo mwaka wa sita sasa. Kila vuli alisimama ng'ambo ya barabara, akahesabu nyufa, akajiambia kwamba mwaka ujao atasema. Mambo mengine yote aliyasema papo kwa papo, pamoja na yale ambayo hakuulizwa. Hili moja hakulisema.

Jumamosi asubuhi alifika ukumbini akamkuta Surinder amekwisha kupanda jukwaa la mabomba lililosimamishwa Alhamisi. Surinder, fundi aliyeitwa na kamati, alikuwa Singasinga mzaliwa wa Ngara, Nairobi, mwenye karakana Southall na Kiswahili cha mjengo alichokichukua kwa mafundi wa baba yake, akakihifadhi vile vile miaka hamsini.

"Mama, panda uone," aliita kutoka juu. "Hii gebo yenu iko na mimba."

Lydia akapanda. Kweli ilikuwa nayo. Upande wa kushoto, chini ya ngazi ya tatu na ya nne, ukuta ulikuwa umetokeza nje kama tumbo la miezi saba, na ufa mweusi umepita chini yake kama mshipi.

"Na wewe ndiye mkunga?"

"Mimi mkunga ya kubomoa. Hii itazaa kwa barabara, juu ya kichwa ya mtu. Jumatatu vijana yangu wanakuja, tunashusha ngazi yote, tunapiga mshazari kama ya jirani. Kwisha."

"Na paa?"

"Paa tunafunika na turubai. Mwezi ya nne, jua ikitoka, tunarudi."

"Mwezi wa nne! Surinder, hii ni Oktoba. Watu themanini nitawapeleka wapi miezi sita? Nyumbani kwangu Plumstead, wapange foleni kwenye ngazi?"

"Mimi si mungu ya mvua, mama." Akapiga ukuta kwa ngumi. Ulitoa mlio wa debe tupu. "Sikia. Ndani hakuna kitu. Tofali ya nje imeachana na tofali ya ndani, kama bwana na bibi. Ukigusa moja, zote zinakuja."

Lydia alishuka, akachukua kamba, timazi ya kupimia wima wa ukuta na tochi kutoka kwenye begi lake, akapanda darini. Huko, nyuma ya gebo, matofali hayakuwahi kupigwa plasta. Alitundika timazi kutoka kwenye boriti ya juu kabisa akasubiri itulie. Kamba ilisimama sambamba na ukuta tangu juu mpaka chini, nafasi kati yao upana wa kidole, ile ile kila mahali. Ukuta ulikuwa umenyooka kama askari wa gwaride.

Lakini alijua pia kwamba Surinder hakusema upuuzi. Ukuta ule ulikuwa wa unene wa matofali mawili, la nje na la ndani, na la nje linaweza kuachana na mwenzake bila la ndani kutikisika. Timazi ya darini isingeweza kulijua hilo. Lakini Lydia alijua kilichokuwa ndani ya tumbo lile.

Aliposhuka alimkuta Ann, binti yake, jikoni mwa ukumbi, anapanga mandazi kwenye sinia. Kila Jumamosi Ann aliwafundisha watoto wadogo kuhesabu kwa Kiswahili, yeye ambaye nyumbani akiulizwa kwa Kiswahili alijibu kwa Kiingereza. Leo watoto walikuwa wamezuiwa kuja.

"Hawajui ni wewe?" Ann akauliza, kwa Kiingereza chake.

"Nini?"

"Mama. Ile picha iko kwenye friji yetu. Mimi niko mgongoni kwako, wewe umeshika mwiko, na ukuta nyuma umejaa saruji. Hawajui?"

"Waliokuwepo wengi wamehamia Leeds na kwingineko. Fanuel alikuja baadaye."

"Kwa hiyo hawajui."

"Mimina chai."

"Mimi nikivunja sahani unaniambia niseme kabla hujaikuta."

Lydia akamtazama mtoto huyo, na kwa mara ya kwanza akaona taabu ya kuzaa mtu anayefanana nawe. "Mimina chai, nimesema. Na sukari uiweke kando, Mzee Fanuel ana kisukari ingawa anajifanya hana."

Kamati iliingia kwa mlango wa nyuma, ikakaa saa sita kamili kuzunguka meza ndefu. Walikuwa sita: Fanuel, mwenyekiti na dereva wa basi mstaafu; Lydia; Laurean, mtunza hazina, Mhaya mpole mwenye miwani mizito; na akina mama watatu wa kwaya waliokaa pamoja na kupiga kura pamoja. Surinder aliketi pembeni kama mtaalamu, kikombe cha chai mkononi.

Fanuel aliomba kwa ufupi, akaenda kwenye jambo. "Mnajua hali. Halmashauri imetupa mpaka Ijumaa. Bwana Surinder anasema ngazi zishuke Jumatatu. Mama Ann anasema zisishuke. Mama Ann, sema."

Lydia alisimama akaeleza habari ya timazi, ya ukuta ulionyooka, ya plasta iliyonasa maji. Alieleza vizuri. Mama mmoja wa kwaya aliitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba anaelewa, kwa namna ya mtu asiyeelewa.

"Mama anasema kweli," Surinder alisema alipomaliza. "Ndani iko sawa. Lakini nje? Ile tumbo imetoka wapi? Plasta ni nene hivi." Akaonyesha nafasi kati ya vidole viwili. "Tumbo ni hivi." Akatanua kiganja kizima. "Plasta haiwezi kuzaa tumbo kama ile. Hiyo ni tofali inatoka. Mimi nimejenga hii mji miaka arobaini. Kama mama ako na macho ya kuona ndani ya ukuta, aseme."

"Umesikia," Fanuel akasema, akamgeukia Lydia kwa upole uliomuudhi kuliko ukali. "Tunakuheshimu sana, Mama Ann. Lakini tofali likimwangukia mtoto wa mtu, heshima haitamfufua. Wanaokubali ngazi zishuke, wainue mikono."

Akina mama wa kwaya wakainua mikono mitatu. Fanuel akainua wake. Laurean hakuinua. Alikuwa anakoroga chai ambayo sukari yake iliyeyuka zamani.

"Teremsheni mikono," Lydia akasema.

"Kura imeshapita, mama."

"Teremsheni, mtaiinua tena baadaye mkitaka. Bwana Surinder ameuliza kama nina macho ya kuona ndani ya ukuta. Ninayo. Lile tumbo nililijaza mimi."

Kijiko cha Laurean kikasimama.

"Miaka kumi na minne iliyopita," Lydia akaendelea, kwa sauti ile ile ya kueleza habari ya timazi, maana alijua akiilegeza tu itakatika. "Plasta yote ile ni yangu. Mimi ndiye niliyesema nyumba ivikwe, mimi ndiye niliyepima saruji, na nilikosea. Hapo kwenye tumbo palikuwa na shimo la mraba ukutani, la makusudi, mafundi wa zamani waliliacha kama fremu. Ndani yake kulikuwa na ua la udongo wa kuchoma, ua la alizeti, kubwa kama sinia hili la mandazi. Njiwa walikuwa wanatagia hapo. Nikaona uchafu. Nikapigilia wavu wa kuku kwa misumari, nikalijaza saruji mpaka likalingana na ukuta. Kina chake ni kiganja kizima, Bwana Surinder, kama ulivyoonyesha. Kinachotoka si tofali. Ni saruji yangu inayotafuta njia ya kurudi kwao."

Hakuna aliyecheka.

"Na umejua lini kwamba ulikosea?" akauliza mama wa kwaya aliyeketi katikati.

Hilo ndilo swali ambalo Lydia aliomba lisiulizwe. "Mwaka wa sita huu."

"Miaka sita! Na mwaka jana si ulinisimamisha mbele ya watu wote kwa sababu niliacha bomba la jikoni linatiririka?"

"Nilikusimamisha, ndiyo."

"Kumbe wewe ulikuwa na bomba lako huko juu."

"Nilikuwa nalo. Na niliona haya. Nilikuwa mtu wa majengo hapa, kila ufa naitwa mimi. Nikasema nikilisema hili, nani ataniita tena? Basi leo nimesema, mkitaka kutoniita msiniite. Lakini msibomoe ngazi nzima kwa kosa langu."

Laurean akavua miwani. "Saruji niliikoroga mimi," alisema kwa ile sauti yake ya chini ya Bukoba. "Ndoo kumi na nane. Ua nililiona. Lilikuwa zuri."

Fanuel akamgeukia kwa mshangao. "Na wewe ulikuwa umenyamaza kwa nini?"

"Nilikuwa nangoja dada Lydia aanze. Yeye ndiye mwenye cheti."

Hapo mama wa kwaya wa tatu, ambaye hakuwa amesema neno, alicheka hadi akashika meza, na hewa ikaingia chumbani. Surinder alikuwa amekwisha kusimama.

"Ua," alisema. "Sawa. Maneno ni rahisi. Twende juu, mama. Kama kuna ua, mimi sibomoi. Kama kuna tofali imeachana, wewe hufungui mdomo tena, na Jumatatu naleta vijana."

"Na iwe hivyo."

Walipanda wawili, Lydia na kofia yake ya kazi, Surinder na kilemba chake. Chini, ng'ambo ya barabara, kamati nzima ilisimama na vikombe mkononi, na watu wawili waliokuwa wakingojea basi wakasimama nao bila kujua wanatazama nini.

Lydia aliweka ncha ya tindo juu kabisa ya tumbo, pale plasta ilipoanza kujitenga, akapiga polepole kwa nyundo ndogo. Hakutaka kutikisa chochote. Kipande cha kwanza kilitoka kama gamba la yai. Cha pili kilitoka na kipande cha wavu wa kuku, umekula kutu hadi ukawa kama nywele.

"Wavu," Surinder akasema.

"Nilikuambia wavu."

"Wavu si ua."

Aliendelea. Saruji ilitoka kwa mapande sasa, nyuma yake ikiwa na umande, na harufu yake ilikuwa ya kisima kilichofungwa. Surinder alikuwa akiyapokea mapande kwa mikono yote miwili na kuyalaza juu ya mbao bila kuombwa. Kisha ukatokea ukingo wa tofali uliokatwa kwa ustadi, wa fremu. Kisha petali moja. Halafu tatu. Ua lilikuwa na rangi ya nyama mbichi kwa unyevu, na katikati yake, penye mbegu, palikuwa na tundu: msumari wa Lydia ulipita hapo hapo.

Surinder aliingiza kidole ndani ya tundu. Kisha akapitisha kiganja juu ya matofali yote ya fremu, moja moja, akayagonga kwa kiungo cha kidole. Hayakutoa mlio wa debe.

"Yameshikana," alisema. "Bwana na bibi wako sawa. Hawakuachana." Akakirudisha kidole kwenye tundu. "Wewe mama ulipiga msumari kwa uso ya ua?"

"Nilikuwa na miaka ishirini na saba."

"Mimi pia nilikuwa na ishirini na saba. Nilipaka saruji kwa nyumba nzima ya mama yangu, Southall. Mpaka leo inavuja." Akacheka peke yake, akaangalia ngazi zilizopanda mbele yao hadi kileleni. "Lakini hii ngazi ni ya nini hasa? Miaka arobaini nabomoa, sijauliza."

"Tofali halipendi kukatwa kwa mshazari. Ukilikata unafungua nyama yake, mvua inaingia. Fundi wa Uholanzi alikataa kulikata. Akapanda kwa vipande, kila ngazi ikaishia kwa tofali zima na jiwe la kofia juu yake. Wengine husema msafisha bomba la moshi alipandia hapo. Mimi naona ni fundi tu asiyependa taka."

"Fundi mzuri."

"Kuliko mimi."

Walikagua ngazi moja baada ya nyingine. Kumi zilikuwa nzima. Ya kumi na moja, ya kileleni, haikuwa. Lydia alipoiondoa plasta, jiwe la kofia lilicheza kama jino la mtoto, na matofali chini yake yakamegeka kwa kucha. Hapo maji yalikuwa yamekaa miaka yote kumi na minne. Hakuweza kumlaumu mtu.

"Hii inashuka," Surinder akasema.

"Hii inashuka. Leo. Na inajengwa upya, kwa chokaa, na wewe ndiye utakayeweka jiwe kwa sababu mgongo wangu haufai."

"Chokaa mimi sijui, mama. Baba yangu alijua."

"Mimi najua. Nilijifunza kwenye nyumba za zamani za Mombasa kabla sijaja hapa kujifanya mjuzi wa saruji."

Waliposhuka, Fanuel alikuwa anangoja kwenye utepe. Alikuwa ameona ua kutoka chini. Wote walikuwa wameona. Uso wake haukuwa wa hasira wala wa furaha.

"Kura imefutwa," alisema. "Ngazi zinabaki. Lakini Mama Ann, mambo mawili. Kesho baada ya ibada utawaambia watu wote kama ulivyotuambia sisi. Si mimi nitakayewaambia."

"Sawa."

"La pili, kazi hii utaifanya chini ya Bwana Surinder. Yeye ndiye atakayeandikiana na halmashauri. Wewe utabeba mwiko."

Hilo lilimchoma. Alifungua mdomo, akakumbuka miaka sita, akaufunga. "Sawa," alisema tena.

Kwa kuwa ukumbi ulikuwa na utepe, ibada ya Jumapili ilifanyika uani nyuma, watu wakiwa wamevaa makoti. Lydia alisema maneno yake kwa sentensi nne, hakuongeza ya tano. Kulikuwa na minong'ono, halafu bibi mmoja kutoka Machakos akauliza kwa sauti kama plasta mpya itapigwa lini, maana matofali yameanza kuonekana na wageni watasema nini. Lydia akamwambia haitapigwa. Bibi akasikitika sana. Baadaye wengine walimsalimu kwa mkono, wengine kwa kichwa tu, na yule mama wa bomba la jikoni hakumsalimu kabisa. Lydia alilipokea hilo kama malipo ya haki na hakumfuata.

Kuanzia Jumapili mchana hadi Jumatano watu walipanda jukwaani kwa zamu, wanne wanne, wakabandua plasta kwa tindo ndogo chini ya jicho la Lydia. Waliopiga kwa nguvu aliwateremsha. Alimteremsha hata Laurean, ambaye alikubali na kwenda kupika uji wa wote. Jumatatu Surinder alikuja bila vijana wake, akakaa siku tatu. Alilowanisha matofali kama alivyoambiwa, akajaza chokaa kwenye viungo vya ngazi zote, akalalamika kwamba chokaa ni mvivu, akaambiwa si mvivu, ni mstahimilivu, akasema huko Ngara hayo yalikuwa mambo mawili yenye jina moja. Jumatano alasiri alinyanyua jiwe la kofia, akaliweka kileleni, na Lydia akaweka pima maji juu yake, likiwa limeinama kidogo mbele ili mvua iteremke. Alilisogeza upana wa ukucha. Akalisogeza tena.

"Mama, ni jiwe, si mtoto."

"Nyamaza, shika."

Afisa wa halmashauri alifika Alhamisi, siku moja kabla. Alikuwa kijana wa Kiingereza mwenye viatu safi. Alipanda, akagonga, akapiga picha ua na tundu lake, akauliza nani alikuwa msimamizi wa kazi. Surinder akasema ni yeye, kwa karatasi. Halafu akamwonyesha Lydia kwa kidole gumba. "Lakini ukitaka kujua kitu, uliza yeye. Mimi nilitaka kubomoa."

Kijana aliuliza maswali saba. Lydia aliyajibu yote saba, na swali la nani aliyepiga ile saruji akalijibu kwanza, kabla halijaulizwa. Kijana akaandika. Akatia saini. Utepe ukakatwa kwa mkasi wa jikoni.

Ijumaa jioni baridi ilishuka mapema. Chokaa mbichi haipendi baridi, na Lydia alikuwa juu tena na Ann, wakizifunika ngazi kwa magunia na mablanketi ya zamani, moja moja, wakiyafunga kwa kamba ili upepo wa mtoni usiyachukue. Ann alikuwa anashika ncha na kulalamika kwa Kiingereza kwamba vidole vyake vimekufa. Kutoka barabarani gebo sasa ilionekana kama bibi mgonjwa aliyefungwa leso kichwani.

Mzee Fanuel alitoka ndani, ambako kwaya ilikuwa imeanza mazoezi, akasimama na mikono mifukoni akatazama juu.

"Mama Ann! Jumapili tuna wageni kutoka Birmingham. Hayo magunia yatakaa huko mpaka lini?"

Lydia hakugeuka. Alikaza fundo, akalipima kwa kulivuta mara mbili.

"Mpaka nitakaposema mimi," alijibu.

Fanuel alitoa mikono mifukoni. Kisha akarudi ndani kuwaambia wanakwaya kwamba magunia yatakaa.